Josefa Idem: Kutoka Kwenye Kafi Hadi Baraza la Mawaziri

Josefa Idem alizaliwa mwaka 1964 huko Goch, mji mdogo wa Ujerumani Magharibi ulio karibu na mpaka wa Uholanzi. Mchezo wake ulikuwa kayaki, mtumbwi mwembamba unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Mwaka 1984, katika Olimpiki ya Los Angeles iliyosusiwa na Umoja wa Kisovieti na washirika wake, yeye na mwenzake waliipatia Ujerumani Magharibi medali ya shaba.

Baadaye alihamia Italia, akaolewa na kocha wake, Guglielmo Guerrini, na mwaka 1992 akapata uraia. Chini ya bendera mpya alitwaa shaba Atlanta 1996, kisha dhahabu ya mita 500 Sydney 2000, akiwa na miaka 36. Athens 2004 alipata fedha. Beijing 2008 fedha tena, dhahabu ikimponyoka kwa sehemu nne tu za elfu moja za sekunde. London 2012, akiwa na miaka 47, alimaliza wa tano. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nane, na hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko kabla yake.

Siasa hakusubiri astaafu ndipo aianze. Kuanzia 2001 hadi 2007 alisimamia michezo katika manispaa ya Ravenna huku akiendelea kushindana. Februari 2013 alichaguliwa seneta kwa tiketi ya chama cha Partito Democratico, na tarehe 28 Aprili akaapishwa kuwa waziri wa usawa wa fursa, michezo na vijana katika serikali ya Enrico Letta.

Juni, magazeti yakaanza kuhoji kodi ya majengo kwa nyumba aliyoiandikisha Ravenna kuwa makazi yake, pamoja na ukumbi wa mazoezi uliokuwa humo. Aliwaita waandishi wa habari, akajitetea, lakini maswali hayakwisha. Tarehe 24 Juni alikutana na Letta, akajiuzulu. Uwaziri wake haukutimiza miezi miwili, ingawa useneta aliendelea nao hadi 2018.

Mwanamichezo anayewania cheo na aanze kwa kunyoosha hesabu zake mwenyewe, kwa maana sifa za mashindanoni humfikisha mlangoni tu.