Unalipia Kahawa au Unalipia Kiti?

Najua nimepotea wiki tatu nzima, mtanisamehe, kulikuwa na test mbili na prezentesheni moja iliyonitoa jasho. Leo siandiki habari za foleni ya kafeteria wala mhadhiri wetu wa saa moja asubuhi. Leo nataka kuandika historia kidogo, na nikiri mapema kwamba imeanza na kitu kinachonisumbua rohoni.

Jumamosi ya juzi tulipanga watu watano wa kozi yetu twende mjini kwenye mgahawa mmoja (jina naliacha) wenye kabati zima la michezo ya mezani. Yale makasha ya rangi rangi, ndani kuna ramani, kadi, dado na vinyumba vidogo. Unakaa, unaagiza, unacheza mpaka uchoke. Kiingilio elfu kumi kwa kichwa, kabla hujagusa hata maji ya kunywa. Mwenzangu wa chumba, ambaye pale kijiwe cha drafti nyuma ya bweni hakuna anayemfunga kirahisi, akasema ile michezo ya Kizungu haimvutii, nendeni tu. Tukaenda wanne. Tukacheka, tukapiga picha, tukarudi na daladala ya mwisho. Jumatatu ndiyo nikaja kujua kwamba bumu lake lilikuwa bado halijaingia na siku ile alishindia chai na andazi. Elfu kumi! Ni posho ya siku nzima ya kula na kulala. Na mimi nilikuwa nimemtania njiani kwamba anaogopa kufungwa.

Basi nikaanza kujiuliza, hivi tangu lini binadamu analipa ili akae acheze? Nikachimba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Habari ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Paris, karibu na jumba la Palais-Royal, kulikuwa na mgahawa unaoitwa Café de la Régence. Miaka ya 1700 kahawa ilikuwa bado kitu cha fahari kule Ulaya, na pale Régence ndipo walipokutana wacheza sataranji bora wa zama zao. Philidor, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutunga muziki wa opera, alikuwa mwenyeji pale, na mwaka 1749 alichapisha kitabu cha sataranji ambacho watu walikisoma kwa miaka mingi baada yake. Diderot naye alicheza na kutazama wengine wakicheza. Na kwa wale tunaoteswa na kozi ya DS: Marx na Engels walikaa pamoja Régence mwezi Agosti 1844, wakaongea, na urafiki wao ukashika hapo. Kwa hiyo mkiwa mnadesa zile nukta kumi za ukoloni mamboleo, mjue sehemu ya lawama iende kwenye meza ya kahawa.

London walikwenda mbele zaidi kwenye mambo ya pesa. Mtaa wa Strand kulifunguliwa mwaka 1828 ukumbi wa kuvutia siga uliokuja kujulikana kama Simpson's Divan. Mteja wa kudumu alilipa gini moja kwa mwaka. Mteja wa siku alilipa shilingi moja na peni sita, na ndani yake anapata kahawa na siga. Akishaingia anakaa kwenye sofa, magazeti yapo, mbao za sataranji zipo. Kwa maneno mengine, ni mgahawa uleule tuliokwenda sisi, tofauti ni moshi tu.

Ukumbini humo, Juni 1851, walicheza watu wawili mchezo wa kupotezea muda tu, katikati ya mashindano makubwa ya London. Adolf Anderssen alitoa ngome zake mbili, tembo mmoja na hata malkia, kisha akamfunga Lionel Kieseritzky kwa vipande vidogo vilivyobaki. Mpaka leo wenyewe wanauita Mchezo wa Milele. Nilichokipenda mimi ni kwamba wote wawili walikuwa walimu wa hesabu! Anderssen alikuwa mwalimu huko Breslau, na Kieseritzky alifundisha hesabu kabla ya kuhamia Paris. Huyu wa pili ndiye aliyenikaa kichwani. Alifungwa vibaya sana, lakini ni yeye aliyeziandika hatua zote na kuzichapisha kwenye jarida lake. Pale Régence alikuwa akiishi kwa kufundisha na kucheza na wateja, faranga tano kwa saa. Unalipa, unakaa na bingwa, anakufundisha huku anakufunga. Alikufa Paris mwaka 1853 akiwa maskini wa kutupwa. Walimu na fukara, ndoa ya siku nyingi.

Sasa nirudi Jumamosi. Mchezo wa kwanza waliochagua wenzangu ulikuwa Monopoly. Jamani, mimi siupendi. Ndani ya dakika arobaini nilishafulia, nikauza kila nilichokuwa nacho, nikatolewa. Saa nzima iliyobaki nimekaa natazama wengine wanavyotozana kodi, na elfu kumi yangu imeshaliwa. Mchezo gani unaomfukuza mgeni mezani halafu unamlazimisha akae amshangilie tajiri?

Kumbe mwenye wazo la kwanza alitaka tuchukie hivyohivyo! Hii ndiyo sehemu iliyonikesha. Mwanamama Mmarekani, Elizabeth Magie, wengi wanamwita Lizzie, alipata hataza yake Januari 1904 kwa mchezo alioubatiza The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi. Alikuwa mfuasi wa Henry George, yule mwandishi wa Progress and Poverty cha 1879, aliyesema kwamba ardhi ikishikwa na wachache basi wengi watafanya kazi na kubaki maskini, hivyo kodi itozwe kwenye thamani ya ardhi. Lizzie hakutaka kuandika kitabu kingine. Alitaka mtu akae mezani, alipe kodi ya pango mpaka imuume, ndipo aelewe. Baadaye mchezo wake ulikuwa na kanuni za aina mbili. Za kwanza ni za kukomoana. Za pili, kodi ya ardhi inakwenda kwenye hazina ya wote. Sisi wa Ualimu tungesema alitumia mbinu shirikishi miaka mingi kabla ya mhadhiri wetu kutupa hilo neno.

Mchezo ukasambaa kwa kunakiliwa kwa mkono, kama desa. Scott Nearing, mwalimu wa uchumi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliutumia na wanafunzi wake. Ukafika Atlantic City kwa jamii ya Quaker, wakiwemo walimu wa shule yao, nao wakaweka majina ya mitaa ya mji wao ubaoni. Kutoka kwao ukamfikia Charles Darrow, mtu aliyekuwa hana kazi wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Darrow akauchora vizuri, akauuza kama wake, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaununua. Darrow akawa milionea. Lizzie alipewa dola 500 kwa hataza yake, bila mgao wowote wa mauzo. Na zile kanuni za pili, za hazina ya wote, zikasahaulika. Tukabaki na zile za kukomoana, tukazifanya burudani ya familia.

Ukweli ulikuja kutoka kwa mwalimu mwingine, Ralph Anspach, profesa wa uchumi San Francisco. Yeye alitoa mchezo wake Anti-Monopoly mwaka 1973, akaingia kwenye kesi na kampuni, na katika kutafuta ushahidi wa kujitetea ndipo akawakuta wazee waliokuwa wanaucheza kabla ya Darrow. Kuna kosa dogo lililosema mengi: mtaa wa Marven Gardens uliandikwa kimakosa "Marvin" kwenye ubao wa rafiki aliyemfundisha Darrow, na kosa likanakiliwa lilelile mpaka kwenye makasha ya dukani. Wasimamizi wa mitihani wanajua, ukitaka kumkamata aliyenakili angalia makosa, usiangalie majibu sahihi. Kesi iliisha 1983 kwa ushindi wa Anspach. Lizzie alishafariki tangu 1948.

Mchezo wa pili Jumamosi ulikuwa Catan, na huu ndio wangu. Aliutunga Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa na kazi ya kutengeneza meno ya bandia, ukatoka mwaka 1995 na kuchukua tuzo ya Spiel des Jahres mwaka huohuo. Hiyo tuzo Wajerumani wanaitoa kila mwaka tangu 1979, wanaochagua ni wachambuzi wa michezo, na familia nyingi zinainunulia kasha lililoshinda. Teuber alifariki Aprili 2023, na wakati huo makasha zaidi ya milioni thelathini yalikuwa yameshauzwa. Kwenye Catan hakuna anayetolewa. Mnakaa kisiwani, mnapata mbao, matofali, ngano, kondoo na mawe, na hata zamu ikiwa si yako unaruhusiwa kufanya biashara na mwenye zamu. Unabaki na sababu ya kufungua mdomo mpaka mwisho. Una ubaya wake, dado zikikukataa unaweza kukaa raundi sita bila tofali hata moja, lakini angalau unakaa ukiwa mchezaji.

Migahawa yenyewe ya aina hii ilivuma Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu mingi ikafungwa. Iliyokuja kuigwa sana ni Snakes & Lattes ya Toronto, iliyofunguliwa mwaka 2010. Ilipoanza kiingilio kilikuwa dola tano, ulicheza upendavyo, intaneti ya bure haikuwepo makusudi ili watu waangaliane usoni, na wahudumu walizunguka meza kwa meza kuwafundisha wageni kanuni. Hapo ndipo nilipoielewa biashara. Kahawa unaweza kunywa popote. Unalipia kiti, na unalipia mtu wa kukufundisha. Kieseritzky na faranga zake tano.

Nikampelekea mwenzangu wa chumba matokeo ya utafiti, pamoja na samahani. Akacheka. Akasema sisi tunacho kijiwe, kahawa na kashata kwa sarafu, ubao wa drafti na vizibo vya soda, kiti ni jiwe, nani analipa? Na kweli. Bao je? Mashimo 32, kete 64, na hakuna kiingilio. Unasimama nyuma ya wazee wiki hata mwezi, mpaka siku moja mmoja anakwambia kaa. Nyerere alicheza bao, na Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 akiwa kwenye bao pale Kisiwandui. Meza ya rais na meza ya mchukuzi, mchezo mmoja.

Nilitaka kumalizia hapo kwa kishindo, lakini dada mmoja wa kozi yetu alisoma rasimu akaniuliza: "Kaka, lini umeniona mimi nimekaa kwenye hicho kijiwe chenu?" Nikatafuta jibu, sikupata. Mgahawani alikaa masaa manne, akatufunga Catan, hakuna aliyemwangalia mara mbili. Kijiweni hata akipita tu maneno yanaanza. Kwa hiyo kile kiti cha bure nacho kina bei yake, ila wanaolipa ni wengine. Hilo sikuliona kwa sababu mimi nakaa bila kuulizwa.

Jumatano jioni tulikata boksi la maji tukachora kisiwa cha Catan, pembe sita sita, vipande 19. Nyumba ni vizibo vya soda, barabara ni njiti za kiberiti, mwizi ni kifuniko cha kalamu. Tumecheza kwenye viti vya zege nje ya maktaba, dada yule akaja na wenzake wawili, mwenzangu wa chumba akaja na chapati (bumu limeingia, mungu mkubwa). Anafanya biashara kama muuza mitumba wa Karume, kondoo watatu kwa tofali moja na bado anakwambia amekupunguzia. Kanifunga mara mbili.

Njiti zimeanza kuvunjika, mwenye wazo la barabara imara zaidi aniambie. Kesho nina test ya saikolojia saa mbili asubuhi na sijagusa kitu. Tuonane.