Njia ya Miembe: Kutoka Kigoma hadi Ujiji



Juma hili tunawaalika katika safari fupi. Si hija ya Nchi Takatifu wala ya Roma. Ni mwendo wa kilometa zisizozidi kumi, kutoka stesheni ya reli ya Kigoma hadi Ujiji. Wengi wetu huipita njia hii ndani ya daladala huku tukiwaza bei ya dagaa. Leo tuipite polepole.

Tuanzie stesheni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo Kigoma ikakua huku Ujiji ikififia. Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: Ujiji ndiyo iliyokuwa mji, soko na bandari. Tukipanda Mwanga na kuteremka upande wa pili, tunaona michikichi, migomba na mashamba ya mihogo, na akina mama wanaopanga chupa za mawese kando ya barabara. Siku ya anga safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa. Kisha twaikuta miembe mikubwa ya Ujiji.

Wageni wengi huja hapa kwa sababu moja: kuuona mnara wa Livingstone. Ni hapa Stanley alipomkuta mwaka 1871. Mnara huo sasa umesimama mbali kidogo na maji, kwa kuwa katika miaka ya 1870 ziwa lilijifungulia njia ya kutokea upande wa magharibi, katika mto Lukuga, na kina chake kikashuka. Wageni hupiga picha, husimuliwa jinsi Wazungu wawili walivyosalimiana, kisha huondoka.

Lakini tujiulize: kwa nini Livingstone alikuwa Ujiji siku zile? Alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Huko Nyangwe, mwezi wa Julai mwaka huohuo, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara ya utumwa wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Mamia waliuawa kwa bunduki au kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo. Kilio cha soko lile kiliwafikia walimwengu kwa njia ya maandishi yake. Waliouawa wenyewe hawana mnara hapa.

Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyopita Tabora na kuishia Bagamoyo. Wafungwa walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakapita katika ardhi hii tunayoikanyaga. Mapokeo yasimulia kwamba miembe hii ilipandwa kuifuata njia ya misafara. Tunapopumzika kivulini mwake, tukumbuke ni nani waliopita hapo kwanza, na kwamba hatuyajui majina yao.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, nao ni majirani na ndugu zetu. Asiwepo Mkristo wa kuitumia historia hii kama fimbo ya kuwapigia. Walikuwapo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, ndiyo. Lakini walikuwapo pia watawala wa Kiafrika waliouza mateka wao, na walikuwapo Ulaya na Marekani wanunuzi wa pembe za ndovu, ambao hawakuuliza zimefikaje pwani. Na Wakristo wa mataifa ya Magharibi walikuwa wamewavusha Waafrika bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi. Hakuna anayeweza kunawa mikono kama Pilato.

Mababa wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, wakipitia njia ileile ya misafara. Mkuu wao, Padre Pascal, alikuwa amekwisha kufa njiani. Walianza kuwakomboa watoto kwa kuwanunua, tendo la huruma ambalo pia lilikuwa na utata, kwani mnunuzi mwema naye huingia sokoni. Mwaka 1881 Mapadre Deniaud na Augier, pamoja na mlei D'Hoop, waliuawa Rumonge, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa, akitumia habari alizoandikiwa na wanawe kutoka nchi hizi.

Kati ya waliokombolewa, mmoja tunamjua kwa jina. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa, kisha wamisionari wakamkomboa. Alisomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa Ujiji kwenye ufuko huuhuu wa ziwa. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Yosefu akawa padre. Yeye aliyehesabiwa kuwa bidhaa akawa baba wa wengi. Basi, kila mmoja wa wale wasio na majina aliyepita chini ya miembe hii angeweza kuwa Atiman. Huo ndio uzito wa hasara yenyewe.

Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anawaagiza Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Hakuwaagiza hivyo ili walipize kisasi, bali ili wamtendee haki mgeni, yatima na kibarua. Mkoa wetu umewapokea wakimbizi kwa miongo mingi. Je, tunawaitaje tunapokuwa peke yetu? Na yule binti aliyeletwa kutoka kijijini kututumikia nyumbani, analipwa? Anakwenda Misa? Tunalijua jina lake kamili?

Tukipita tena Ujiji, tushuke mwembeni, tuwaombee marehemu wasio na kaburi wala jina. Kisha turudi nyumbani, tumwite binti yule kwa jina lake.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Amina.