Kolabo

Nomino kolabo, iliyotoholewa kutoka Kiingereza na kuzoeleka katika Bongo Fleva, hutaja kazi inayofanywa kwa pamoja na wasanii ambao kwa kawaida kila mmoja ana njia yake, nayo haina budi kutenganishwa na kitenzi kushirikisha, ambacho kiambishi chake cha kusababisha humfanya msanii mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni wake. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa, na huonekana waziwazi katika roki ya Uingereza ya mwaka 1979. Wakati huo mashabiki wa roki waliwaona wapiga panki (muziki wa kasi, wenye kodi chache na makelele ya makusudi, ambao jina lake Watanzania wanalijua zaidi kama mtindo wa kunyoa) kuwa watu wasiojua ala, nao wapenzi wa panki waliziona solo ndefu za gitaa kuwa majivuno matupu. Phil Lynott, kiongozi wa bendi ya roki ya Thin Lizzy kutoka Dublin, alivuka mpaka huo alipoungana na Steve Jones na Paul Cook, waliokuwa mpiga gitaa na mpiga ngoma wa bendi ya panki ya Sex Pistols, wakatoa wimbo wa Krismasi, A Merry Jingle. Kwa kuwa hawakutumia jina la Thin Lizzy wala la Sex Pistols, bali walijiita The Greedies, hakuna aliyemshirikisha mwenzake: hiyo ilikuwa kolabo kamili.