Mashairi ya Mjane: Christine de Pizan na Upweke Wake

Huenda mmelikuta jina la Christine de Pizan katika masomo yenu ya Kifaransa, kama mwandishi aliyewatetea wanawake. Leo tungependa kumtazama kama mjane, maana mashairi yaliyompa jina yalitoka katika msiba.

Alizaliwa Venezia mwaka 1364 hivi, akalelewa Paris, ambako baba yake alikuwa mnajimu na mganga wa mfalme Charles wa Tano. Akiwa na miaka 15 aliolewa na Étienne du Castel, karani wa mfalme. Miaka kumi baadaye Étienne akafariki kwa maradhi mjini Beauvais, akiwa safarini pamoja na mfalme. Christine alikuwa na miaka 25, na juu ya mabega yake watoto watatu, mama yake na mpwa wake.

Hakujua mumewe alidaiwa nini wala alidai nani. Kesi zilimzungusha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenyewe ameandika jinsi alivyoganda kwa baridi akisubiri mahakamani, na jinsi alivyouficha umaskini chini ya joho zuri ili watu wasiujue. Basi tusidhani kwamba upweke wake ulikuwa wa moyo tu. Ulikuwa pia upweke wa mtu asiye na wa kumsemea.

Katika mkusanyo wake wa mashairi mia moja limo moja ambalo karibu kila mstari unaanza na neno lilelile, lenye maana ya mwanamke aliye peke yake. Mlangoni, dirishani, pembeni mwa nyumba: kila anapojitazama hali ni ileile. Mwalimu mkali angeliita neno hilo marudio. Waliokesha kilioni wanaelewa, kwani anayelia kweli hatafuti maneno mapya. Hulirudia jina la marehemu hadi sauti ikauke. Shairi hilo halijaribu kumfariji mtu, na kwa maoni yetu hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Lakini mabwana waliomlipa walipenda nyimbo za furaha. Akaziandika, kisha akatunga shairi juu ya uchungu wa kuimba kwa shangwe ilhali moyo umejaa huzuni. Akatunga na jingine la kuisifu ndoa na upole wa mumewe. Hilo tunalipenda kuliko yote, kwa kuwa linatuonyesha kilichopotea.

Husikika kwetu kwamba mjane mwenye imani hapaswi kulia sana. Wanaosema hivyo wafungue Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa.

Mwaka 1405 Christine aliandika kitabu cha mashauri kwa wanawake. Kwa wajane hakuandika machozi tu: aliwaonya juu ya kesi, akawaasa waziepuke wakiweza, na wasipoweza watafute ushauri wa wenye kuijua sheria. Baadaye alijitenga katika monasteri. Kutoka huko, mwaka 1429, akatunga shairi la shangwe juu ya Jeanne d'Arc, ambaye alikuwa angali hai. Hakuolewa tena.