Kulinganisha Bei, Kulinganisha Ahadi: Bima ya Magari Madogo Yenye Injini Kali nchini Uingereza, 1976–2022

1.0 Utangulizi

Historia ya bima ya magari nchini Uingereza imeandikwa zaidi kwa kufuata sheria na kampuni. Makala hii inafuata gari. Gari lenyewe ni hachibaki yenye injini kali, yaani gari dogo la familia lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, ambalo kiwanda kimeliwekea injini yenye nguvu kupita umbo lake. Gari la aina hii linafaa kuchunguzwa kwa sababu liliwachanganya wakadiriaji wa hatari kuliko gari lolote lililolitangulia. Kwa nje lilifanana na gari la mwalimu wa shule ya msingi. Barabarani liliyaacha nyuma magari ya matajiri.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, katika miongo minne na nusu inayochunguzwa, mteja wa Uingereza alipewa uwezo mkubwa wa kulinganisha bei za bima, lakini uwezo wake wa kulinganisha kile alichokuwa akikinunua haukukua kwa kasi hiyo. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo iliyowaponza wamiliki wengi wa magari haya, hususan vijana.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema. Msomaji wa Tanzania anazijua "bima ndogo" na "bima kubwa". Ya kwanza humlinda mtu wa tatu anayeumizwa au kupata hasara kwa kosa la dereva. Ya pili hulinda pia gari la mwenye bima. Makala hii inatumia maneno hayo kwa maana hiyo hiyo. Matumizi hayo hayalazimishwi, kwa kuwa sheria za bima za magari za Kenya na Tanzania zilitungwa wakati wa ukoloni kwa kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930, na mgawanyo huo wa bima umetoka kwenye chimbuko moja.

2.0 Wakati Bei Haikuwa na Maana ya Kulinganishwa

Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilimlazimu kila mwenye gari nchini Uingereza kuwa na bima dhidi ya madhara ya mwili kwa watu wa tatu. Hata hivyo, sheria haikupanga ada. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni kubwa zenyewe kupitia umoja wao, ambao ulikubaliana viwango vya ada hadi mwishoni mwa mwaka 1968. Mteja aliyetoka ofisi moja ya kampuni mwanachama kwenda nyingine alikuta bei zinazokaribiana sana. Nje ya umoja huo zilikuwapo kampuni zilizouza kwa bei nafuu, na mbili kati ya hizo ziliacha makovu. Fire, Auto and Marine ilianguka mwaka 1966. Vehicle and General ikaanguka Machi 1971, na mamia ya maelfu ya madereva wakaamka wakiwa hawana bima, ilhali sheria iliwataka wawe nayo kabla ya kuingia barabarani.

Matukio hayo mawili yana uzito katika mjadala huu. Yalionesha kwamba bei ndogo inaweza kuwa bei ya ahadi isiyotekelezeka. Bunge lilijibu mwaka 1975 kwa kutunga sheria ya kuwalinda wenye bima pale kampuni inapofilisika. Kuanzia hapo mteja hakulazimika tena kupima uimara wa kampuni kwa macho yake mwenyewe, na akili yake ikabaki huru kuangalia bei. Kwa maoni ya mwandishi, ulinzi huo wa lazima ndio uliofungua mlango wa mashindano ya bei yaliyofuata, ingawa haukukusudiwa kufanya hivyo.

Msomaji wa Tanzania ataona kinyume chake nyumbani. Baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, bima ilikuwa chini ya Shirika la Bima la Taifa peke yake hadi mageuzi ya mwaka 1996. Kwa takribani miaka 30 swali la "kampuni ipi ina bei nzuri" halikuwa na mahali pa kuulizwa.

3.0 Gari Lililolishinda Jedwali

Volkswagen ilionesha Golf GTI mjini Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata. Kiwanda kilitarajia kutengeneza magari 5,000 tu. Injini yake ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi 110, wakati Golf ya bei ya chini ilitoa 50. Mwaka 1979 gari hilo lilianza kuuzwa Uingereza likiwa na usukani wa kulia. Peugeot ilifuata mwaka 1984 kwa 205 GTI ya nguvu za farasi 105, na baadaye ikatoa ile ya lita 1.9 yenye 130. Renault 5 GT Turbo na Ford Escort XR3i zilikuwa katika soko hilo hilo.

Kampuni za bima za Uingereza ziliyagawa magari kwa makundi. Mwanzoni mwa kipindi hiki makundi hayo yalikuwa machache, na mengi ya yale yaliyopimwa yalihusu gharama: bei ya gari likiwa jipya, bei ya vipuri, muda wa fundi kunyoosha bodi na kupaka rangi. Mwaka 1969 kampuni zilikuwa zimeanzisha kituo chao cha utafiti huko Thatcham, Berkshire, ili kujua hasa gari fulani linatengenezwa kwa gharama gani baada ya kugongwa. Huo ulikuwa ujuzi wa karakana, na ulikuwa ujuzi mzuri.

Tatizo ni kwamba hachibaki yenye injini kali ilikuwa na bodi, milango na taa zilizofanana kwa sehemu kubwa na za ndugu yake mpole. Gharama ya kunyoosha mlango haikutofautiana sana. Kilichotofautiana ni nani alilitaka gari hilo, aliliendesha vipi, na nani aliliiba. Maswali ya namna hiyo yanamhusu binadamu, na karakana haiwezi kuyajibu. Data iliyohitajika ilikuwa kwenye majalada ya madai, nayo hukusanyika polepole: gari lazima liuzwe, liendeshwe, ligongwe, lilipiwe, ndipo idadi ionekane. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa kijana aliyenunua gari hili alilipia hatari yake kwa bei iliyokuwa nyuma ya ukweli. Upungufu huo ulifidiwa na mfuko wa pamoja, yaani na wenye bima wengine.

4.0 Miaka ya 1991 na 1992

Simulizi iliyozoeleka miongoni mwa wapenzi wa magari husema kwamba kampuni za bima ndizo zilizoiua hachibaki yenye injini kali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Simulizi hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi.

Kufikia mwaka 1991 wizi wa magari kwa ajili ya kuyaendesha kwa fujo na kisha kuyatelekeza ulikuwa umegeuka kuwa suala la kitaifa. Katika mtaa wa Blackbird Leys, Oxford, vijana waliendesha magari ya wizi mbele ya umati wa watazamaji. Septemba mwaka huo vijana wawili walikufa katika gari la wizi lililokuwa likifukuzwa na polisi huko North Shields, na ghasia zikafuata katika mtaa wa Meadow Well. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria mahususi dhidi ya uchukuaji wa gari wenye madhara makubwa. Gari dogo, jepesi na lenye kasi, ambalo kufuli zake ziliweza kufunguliwa kwa dakika chache, lilikuwa windo la kwanza.

Mwaka huo huo wa 1992 makundi ya bima yalipanuliwa kufikia 20. Si ajali kwamba miaka inalingana. Jedwali jipya liliweza kuitenganisha Golf ya kawaida na GTI kwa umbali ambao jedwali la zamani halikuwa na nafasi ya kuuonesha. Sambamba na hilo, kasi ya gari na uimara wake dhidi ya wezi vilipata uzito katika upimaji. Baadaye herufi ziliongezwa baada ya namba ya kundi kueleza iwapo ulinzi wa gari unazidi, unatosheleza au haufikii kiwango kinachotakiwa. Kiwanda kilichotaka kuuza gari lake kililazimika sasa kufikiria herufi hiyo. Vizuizi vya kielektroniki vya injini vilienea, na kuanzia mwaka 1998 vikawa vya lazima kwa magari mapya.

Hivyo basi, bei ya bima ilipanda kwa kufuata hatari iliyokuwapo tayari, tena kwa kuchelewa. Aliyeumia zaidi hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyekwisha kununua gari kwa mkopo chini ya bei ya zamani, akapokea barua ya kuhuisha bima yenye ada asiyoiweza. Mtu huyo hakuwa amebadilisha chochote. Jedwali ndilo lililobadilika juu yake. Hapo ndipo kulinganisha bei kulipogeuka kutoka tabia ya wabanaji wa matumizi na kuwa jambo la lazima.

5.0 Simu, Kisha Kompyuta

Kabla ya miaka hiyo, kulinganisha kulifanywa na dalali wa bima. Mteja aliketi mbele ya meza, dalali akafungua vitabu vya viwango vya kampuni kadhaa na kumshauri. Dalali mzuri alimjua mteja wake na aliuliza maswali ambayo fomu haikuyauliza. Direct Line, iliyoanza mwaka 1985, ilimwondoa mtu huyo katikati kwa kuuza bima kwa simu. Kompyuta ilitoa bei papo hapo, na mteja aliweza kukata simu na kupiga nyingine. Mwaka 2002 Confused.com iliziweka bei za kampuni nyingi kwenye ukurasa mmoja wa intaneti. Gocompare na Comparethemarket zikafuata mwaka 2006.

Ukurasa huo hupanga kampuni kuanzia bei ya chini. Mpangilio huu unaonekana mdogo, lakini athari yake si ndogo. Kampuni inayotaka kuwa juu ya orodha ina njia mbili: kupunguza gharama zake au kupunguza ahadi yake. Njia ya pili ni rahisi zaidi. Huongezwa kiasi cha hasara ambacho mteja atabeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Huondolewa gari la kutumia wakati lake likiwa karakana. Hukazwa masharti kuhusu mabadiliko ya gari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkataba wa kwanza una ada ya pauni 780 na mteja hubeba pauni 600 za kwanza za hasara. Wa pili una ada ya pauni 900 na mteja hubeba 250. Ikitokea ajali moja ya kosa lake katika mwaka, mwenye mkataba wa kwanza atakuwa ametoa pauni 1,380, na wa pili 1,150. Lakini asipopata ajali, wa kwanza ameokoa 120. Kwa hesabu tupu, mkataba wa bei ndogo unamfaa mtu yeyote anayepata ajali ya namna hiyo chini ya mara moja katika karibu miaka mitatu, na hao ndio wengi. Ni vyema kukiri hilo, kwa kuwa maandishi mengi ya kumtetea mlaji hudhani kwamba bei ndogo daima ni mtego.

Mtego uko kwingine. Mmiliki wa hachibaki yenye injini kali mara nyingi si mtu wa kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Hubadilisha rimu, springi, bomba la moshi au programu inayoongoza injini. Mkataba mmoja huyakubali mabadiliko hayo kwa nyongeza ya ada, mwingine huyakataa, wa tatu huyakubali ila hulipa thamani ya gari la kawaida. Tofauti hiyo haimo kwenye safu ya bei. Ikiwa hakutaja bomba hilo, pauni 120 alizookoa zinaweza kumgharimu fidia ya gari zima.

6.0 Wajibu wa Kusema

Kwa zaidi ya karne mbili sheria ya Uingereza ilimtaka mwenye kuomba bima aseme kila jambo lenye uzito, hata asipoulizwa. Msingi huo wa uaminifu wa hali ya juu uliwekwa katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766 na kuandikwa katika Sheria ya Bima ya Bahari ya mwaka 1906. Uliwafaa wafanyabiashara wa meli, waliojua mambo ambayo mkadiriaji aliyeko London asingeweza kuyajua. Kumwekea kijana wa miaka 19 mzigo huo huo mbele ya kompyuta ilikuwa dhuluma, na sheria iliyotungwa mwaka 2012 ikauondoa. Tangu Aprili 2013 mteja wa kawaida anatakiwa tu kuwa mwangalifu asitoe maelezo yasiyo ya kweli. Kuuliza ni kazi ya kampuni.

Wakati huo huo kampuni zilipoteza mojawapo ya maswali yao makuu. Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika hukumu ya Test-Achats ya Machi 2011, ilizuia jinsia kutumika kupanga ada kuanzia tarehe 21 Desemba 2012. Mabinti, waliokuwa wakilipa kidogo kuliko kaka zao, walipoteza nafuu hiyo. Namba ya kundi la gari, umri na mahali pa kuishi vikabaki kubeba kazi kubwa zaidi.

Mwaka 2022 msimamizi wa masoko ya fedha alipiga marufuku kumtoza mteja wa zamani, wakati wa kuhuisha bima, ada kubwa kuliko ile ambayo mteja mpya anayelingana naye angepewa. Kijana wa 1992 aliyepokea barua ile asingesaidiwa na kanuni hii, kwa kuwa jedwali lilipanda kwa wote. Wala haimsaidii yule ambaye baba yake ameandikwa kuwa dereva mkuu wa gari ambalo baba haliendeshi. Ada inashuka, familia inaona imepata unafuu, na kampuni nayo inapokea fedha mwezi baada ya mwezi bila kuuliza. Swali huulizwa siku ya ajali. Bima ndogo kwa kawaida itamfidia mtu wa tatu aliyeumizwa, kwa sababu sheria inalilazimisha hilo; kisha kampuni inaweza kumgeukia mwenye bima na kumdai fedha hizo, gari likiwa chuma chakavu na mkopo wake ukiwa haujaisha.