Mfagizi Asiyeonekana

Ndugu msomaji wa pwani, huenda ukajiuliza: Dodoma, nchi kavu ya bara, ina habari gani na mafuta yanayochafua fukwe? Nisikilize kidogo. Mafuta ghafi ya Uganda yalichorewa njia ya bomba kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Serikali mbili zilitia saini mapatano Mei 2017, na uamuzi wa mwisho wa kujenga ukapitishwa Februari 2022. Kabla ya kuifikia bahari, njia hiyo hukatiza uwanda wa kati: Singida, kisha wilaya za Chemba na Kondoa katika mkoa wa Dodoma. Basi mkulima wa Kondoa na mvuvi wa Tanga wamekuwa majirani wa bomba moja, na wote wawili wana haki ya kuuliza: mafuta yakimwagika, nani atayasafisha?

Jibu la kwanza ni la ajabu. Wasafishaji wamo tayari, udongoni na mchangani. Ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tangu kale mafuta huchuruzika yenyewe kutoka chini ya ardhi, kama huko Tundaua, Pemba, na Muumba hakuyaacha bila ya mlaji. Vijidudu hivyo huyala na kuyageuza kuwa maji na hewa ya kaboni. Mwaka 1946 mtaalamu wa Marekani, Claude ZoBell, aliandika kwa kirefu juu ya kazi yao hiyo.

Baadaye binadamu akataka kujitengenezea mlaji wake mwenyewe. Ananda Chakrabarty, mzaliwa wa Bengal, India, aliunda bakteria wa kula mafuta, na tarehe 16 Juni 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba uvumbuzi huo waweza kumilikiwa kisheria. Lakini tarehe 24 Machi 1989, meli Exxon Valdez ilipopanda mwamba huko Alaska na kumwaga kiasi cha lita milioni 40, si bakteria yule aliyeitwa. Waliosaidiwa ni wenyeji wa ufuko ule ule. Mafuta kwao ni kama ugali mtupu, hushibisha bila kujenga mwili. Basi wakanyunyiziwa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi. Zaidi ya kilomita 100 za ufuko zilitiwa mbolea hiyo, na mafuta yakapungua upesi zaidi.

Je, sasa tustarehe? La, hasha! Mfagizi huyu ana masharti yake: hewa, maji na joto. Kule Alaska, mafuta yaliyozama chini ya mawe, pasipofika hewa, yalikutwa yangalipo baada ya miaka zaidi ya 20. Nasi Mombasa tuliona Aprili 2005, meli Ratna Shalini ilipomwaga mafuta yakaingia katika mikoko ya Port Reitz. Tope la mikoko halina hewa, na mafuta yakishanywea humo hukaa miaka.

Huko Dodoma sharti lililo gumu ni maji. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki udongo hukauka, na kijidudu bila ya maji hulala. Kumwamsha sharti udongo ulimwe upate hewa, utiwe samadi, unyweshwe maji, nayo maji ya huko ni ya thamani. Aidha, mafuta haya ya Uganda yana nta nyingi: sharti yasafirishwe kwa moto wa zaidi ya nyuzi 50, na yakipoa huganda kama samli. Donge lake haliendi mbali, lakini vijidudu hulitafuna kutoka nje tu, polepole.

Basi, ndugu yangu, kuwapo kwa mfagizi si ruhusa ya kumwaga taka sebuleni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walinzi wa bomba wana amana ya kulikagua kila siku, na sisi tuna haki ya kuwauliza. Lakini tusisahau milango yetu. Ile oili chafu ya mashine ya boti na ya gari tunayoimwaga mferejini huishia pale pale wanapochezea watoto wetu, na hakuna meli wala bomba la kulaumiwa. Leo iwekwe ndani ya dumu, ipelekwe kwa wanaoikusanya. Vijidudu vina kazi ya kutosha.