Trela wazi: Kazi, mizani na adha za madereva wa masafa marefu

MIONGONI mwa magari yanayopita kila uchao katika barabara kuu ya Mombasa-Malaba, hakuna lililozoeleka machoni pa wasafiri kuliko lori linalovuta trela wazi. Hili ni jukwaa refu la chuma lisilo na kuta wala paa, ambalo juu yake hupakiwa makontena, nondo, mabomba, mbao au mitambo.

Licha ya mazoea hayo, ni wachache wanaofahamu kazi ya dereva wa gari hilo. Aghalabu hutajwa ajali inapotokea, au foleni inapofunga njia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni mwendo wa takriban kilomita 930, na hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170. Kutoka huko mizigo huendelea hadi Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Njia hii, ijulikanayo kama Ushoroba wa Kaskazini, ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya mataifa hayo.

Kufunga mzigo

Katika lori lenye bodi iliyofunikwa, kuta husaidia kuzuia bidhaa zisianguke. Katika trela wazi, mzigo hushikiliwa na minyororo, mikanda na kufuli pekee. Kwa hivyo, kazi ya dereva huanza kabla hajawasha injini.

Kontena hukalia kufuli za chuma zilizo katika pembe zake nne. Kufuli hizo zisipofungwa, au zikiwa zimelika kwa uchakavu, kontena laweza kung'oka kwenye kona kali na kuangukia magari mengine.

Nondo na mabomba yana hatari ya aina nyingine. Breki zinapokanyagwa ghafla, vyuma hivyo huendelea kusonga mbele na vinaweza kupenya ndani ya kebini. Nayo mabati yaliyoviringwa huwa mazito mno, kwani bunda moja laweza kuwa na uzani wa tani 10 au zaidi. Hutiwa kabari za mbao na kufungwa kwa minyororo ili lisibingirike.

Mikanda hulegea mzigo unapotulia baada ya mwendo wa kilomita chache. Dereva mwangalifu husimama mapema, akazunguka gari na kukaza tena. Mvua inaponyesha, yeye na utingo wake hulazimika kupanda juu ya shehena kufunga turubai, pengine usiku, juu ya chuma chenye utelezi. Kazi hii haimo katika hesabu ya kilomita wala ya malipo.

Mizani

Hakuna jambo linalozua malalamiko mengi kuliko vituo vya kupimia uzani wa magari. Katika barabara hii vipo Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na kimoja kingine kipo Busia. Vituo hivyo vimo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA), iliyobuniwa kwa sheria ya barabara ya mwaka wa 2007.

Kuna hata mji uliopewa jina kutokana na mizani. Mlolongo, ulio nje kidogo ya jiji la Nairobi, uliitwa hivyo kwa sababu ya msururu wa malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa hapo.

Viwango vinavyotumika vimo katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013 kuhusu udhibiti wa uzani wa magari. Lori na trela lake lenye jumla ya ekseli sita halifai kuzidi tani 50. Kiwango cha juu kabisa ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba.

Lakini sheria haipimi jumla peke yake. Ekseli ya mbele haifai kubeba zaidi ya tani 8, nalo kundi la ekseli tatu za trela halifai kupita tani 24. Hapa ndipo dereva hunaswa.

Kontena la futi 20 lina urefu wa takriban mita sita, na likijaa laweza kufikia tani 30. Trela hukaribia urefu wa mita 12. Mwendeshaji wa kreni akiliweka kontena nyuma au mbele kupita kiasi, jumla ya uzani itakuwa halali ilhali kundi moja la ekseli limezidiwa. Vivyo hivyo, mwenye bidhaa akipanga vitu vizito upande mmoja wa kontena, mizani itaonyesha hitilafu ambayo dereva hakuisababisha.

Naye hana uwezo wa kurekebisha. Kontena linalovuka mpaka hutiwa lakiri ya forodha, na tangu mwaka wa 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia lakiri za kielektroniki zinazofuatilia mzigo safari nzima. Lakiri ikiguswa, au gari likiacha njia iliyoidhinishwa, maafisa hupata taarifa. Dereva hana ruhusa ya kufungua kontena, lakini ndiye anayesimama mbele ya afisa wa mizani kujibu maswali.

Baada ya hapo huzuka mvutano. Mmiliki wa gari humlaumu ajenti, ajenti humlaumu mwenye mali, na siku zinapita huku dereva akilala kebini na kula posho yake. Wapo waajiri ambao hatimaye hukata gharama hiyo kwenye mshahara wake.

Hata hivyo, mizani ina sababu yake. Kwa mujibu wa kanuni inayotumiwa na wahandisi wa barabara, uharibifu huongezeka kwa kasi kubwa kuliko uzani wenyewe. Ekseli inayobeba uzani maradufu huharibu lami takriban mara 16 zaidi. Tatizo, basi, ni kwamba makosa yanayotendeka bandarini au kwenye bohari hutafutiwa mwenyewe barabarani.

Saa na usingizi

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Malori nayo hayaruhusiwi kupita kasi ya kilomita 80 kwa saa.

Hesabu hapa ni rahisi. Hata kama lori lingedumisha kasi hiyo ya juu bila kusimama, safari ya Mombasa hadi Malaba ingechukua zaidi ya saa 11. Uhalisia ni mgumu zaidi, maadamu barabara yenyewe hupanda kutoka ufuo wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa, na lori lililosheheni hupanda kwa mwendo wa kobe. Bila kuvunja sheria, safari hiyo haiwezi kukamilika kwa siku moja.

Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari huona kila saa ya kupumzika kama pesa zinazopotea. Wengi husafiri usiku, wakitafuna miraa ili kuukimbiza usingizi. Uchovu hauonekani kwenye mizani, na hauna stakabadhi.

Mafuta nayo huleta kishawishi. Mwajiri hutoa kiasi kilichopimwa kwa safari, na baadhi ya madereva huweka gia huru wanapoteremka ili kubakisha lita chache za kuuza. Bila nguvu ya injini kulizuia gari, breki hupata moto na kushindwa. Mteremko kati ya Sachang'wan na Salgaa ulipata sifa mbaya kwa ajali za aina hiyo.

Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Mkasa huo ulikumbusha umma kwamba usalama wa lori si jambo la dereva peke yake.

Mpakani na ng'ambo yake

Kwa miaka mingi dereva alilazimika kukaguliwa mara mbili mpakani, upande wa Kenya kisha upande wa Uganda. Mpango wa kituo kimoja cha pamoja umepunguza muda huo. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018.

Pamoja na hayo, mpaka ungali mahali ambapo misukosuko ya kanda huwashukia madereva kwanza. Mapema mwaka wa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu ziliifunga barabara, malori yakakwama na Uganda ikakosa mafuta. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la corona, madereva walisubiri matokeo ya vipimo Malaba na Busia huku foleni zikienea kilomita nyingi, na katika miji mingi wakatazamwa kama wabeba maradhi. Januari 2022 walisimamisha malori tena, wakipinga agizo la Uganda la kuwatoza ada ya vipimo, hadi ada hiyo ilipoondolewa.

Wanaoelekea Juba hukabiliwa na hatari kubwa zaidi. Mwaka wa 2021 madereva kutoka Kenya na Uganda walikataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa barabarani na watu wenye bunduki.

Ushindani wa reli

Reli ya kisasa ya SGR ilianza kusafirisha mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mapema mwaka wa 2018. Amri za kuelekeza makontena kwenye reli ziliwapunguzia kazi wenye malori wa Pwani, na athari ikafika hadi kwa wenye mikahawa, gereji na nyumba za kulala wageni kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei. Septemba 2022, serikali mpya iliamuru shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe katika bandari ya Mombasa.

Hata hivyo, shehena inayoshushwa kutoka kwenye gari la moshi bado huhitaji lori la kuifikisha ghalani. Kilichobadilika kwa dereva ni urefu wa safari, na pamoja nao kiasi cha malipo.

Haki kisheria

Madereva wengi huajiriwa kwa maneno tu, bila mkataba ulioandikwa. Wengine huitwa vibarua hata baada ya kufanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka kadhaa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi mwenye haki zake, ikiwemo ilani kabla ya kuachishwa kazi.

Sheria ya fidia kwa wanaojeruhiwa kazini, ambayo pia ni ya mwaka wa 2007, inamhusu dereva sawa na mfanyakazi wa kiwandani. Inamhusu utingo pia iwapo ameajiriwa na mwenye gari. Tatizo hutokea pale ambapo utingo ameokotwa njiani na dereva na kulipwa kutoka mfukoni mwake. Akianguka kutoka juu ya shehena, hakuna kitabu chenye jina lake.

Njia iliyo wazi kwa dereva ni kujilinda kwa maandishi. Anapopima gari kabla ya kuondoka bandarini au kwenye bohari, ahifadhi karatasi ya mizani inayoonyesha uzani wa kila kundi la ekseli. Kundi likizidi, adai kontena lisogezwe papo hapo, kungali na kreni karibu. Kufanya hivyo humgharimu saa chache, ilhali kugundua kosa hilo Mariakani kwaweza kumgharimu mshahara wa mwezi.